Gari Lililotunyima Harusi

Juzi hapa mjini Baraka nilimpita kijana aliyekuwa akiipiga pikipiki yake teke, jasho linamtoka, huku analalamika kwamba haina moto. Wewe ungepita zako, rafiki yangu. Mimi nilisimama, na hasira ikanipanda. Si hasira ya pikipiki ile wala ya kijana yule. Ni ya miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji, na nimezeeka nayo.

Baba yangu alikuwa na gari. Usicheke. Waafrika wenye magari hapa kwetu walikuwa wa kuhesabika, na baba, aliyeuza ndakala, wale dagaa wa ziwani, na mafuta ya mawese, alikuwa mmoja wao. Alilinunua kwa Mzungu wa pamba aliyekuwa amelichoka, na mama alisema tangu siku ya kwanza, "Muzungu hauzishake kitu kizima." Lilikuwa kamioneti kuukuu, kilori kidogo, mlango mmoja umefungwa kwa kamba, la kuwashwa kwa manivela, kile chuma cha kuzungusha kwa mbele. Likiamka vizuri, kuku wote walikimbia. Likinuna, baba alilibembeleza kwa upole ambao sisi watoto wake hatukuwahi kuuonja.

Basi yaya, dada yangu mkubwa, akaposwa Fizi, kule mlimani. Harusi ilipangwa siku ambayo padri angepita pale, maana baada ya misa ya asubuhi angeshika njia ya Kilembwe, na hakuna aliyejua angerudi lini. Ambaye hangefungishwa siku hiyo angengoja mvua zote ziishe, na wakwe wa yaya hawakuwa watu wa kungoja. Baba akaapa kwamba mwanawe hatapanda mlima kwa miguu. Atapanda ndani ya gari la baba yake, na nyanya yetu, ambaye magoti yalikuwa yameshamkataa, atakaa mbele pamoja na bibi harusi.

Siku ya kuondoka, kesho yake ikiwa ndiyo harusi, baba aliamka mapema akaifungua injini na kusugua kila kitu kwa msasa. Kisha akaenda ziwani kuoga, vifuniko akaviacha wazi. Uani nyanya, tuliyemwita Tate, alikuwa anampaka yaya mawese. Kwetu msichana hatoki nyumbani ngozi ikiwa kavu. Lakini kwa Tate mawese yalikuwa dawa ya kila kitu: aliyapaka majembe yasishike kutu, visu, bawaba za mlango, watoto wachanga. Alipomaliza kwa yaya, akaligeukia gari na kibuyu chake.

"Kitu yenye itabeba bibi-arusi, nayo ing'are," alisema.

Tulicheka. Alipaka mbele, akapaka milango, akapaka taa, gari likawa jekundu na nzi wakalijia. Baba aliporudi naye alicheka, akafunga vifuniko vyake bila kuangalia, akapakia mizigo, akazungusha manivela. Halikuwaka.

Akazungusha tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akajaribu honi, ikalia, basi betri ilikuwa nzima. Akatoa bugi moja, ile plagi ya kurusha cheche, akailaza juu ya chuma, akamwambia jirani azungushe ili yeye aangalie cheche. Hakuna cheche. Akazisugua bugi zote, akazianika juani. Hakuna. Akabadilisha waya wa bobini, ile koili inayoupa moto nguvu. Akailaumu esansi, yaani petroli, akaimimina kiganjani na kuinusa. Tulilisukuma mpaka sokoni, tukalisukuma kulirudisha, na kila aliyetupita njiani akawa fundi.

"Na delko?" jirani akauliza. Delko ni kile kikopo kinachogawa moto kwa kila bugi.

"Pale nilisafisha mi mwenyewe asubui," baba akajibu kwa ukali. "Pale hapana shida."

Rafiki yangu, mtu akikuambia hivyo, anzia pale pale. Mimi nilikuwa mtoto, sikujua, na hata ningejua nani angenisikiliza?

Jua lilipoanza kuinama, yaya alitoka ndani, gauni lake jeupe limefungwa ndani ya kitenge kichwani.

"Ngojea kidogo, mwana wangu, itawaka," baba alisema.

"Baba, toka asubui unasema itawaka. Padri hatanigojea mi."

Mama akaongeza kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Wakaondoka kwa miguu, yaya, mama, mjomba na mashangazi, wakalale kwa ndugu zetu njiani na kupanda mlima alfajiri. Mimi niliachwa nimwangalie Tate, tutakuja na gari. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Sikumsamehe mtu.

Asubuhi Tate alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, kitenge kipya mwilini, anangoja. Baba alikuwa amemaliza vyote vya kujaribu. Akafungua delko kwa shingo upande. Ndani mna vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana, na pale ndipo cheche inapoanzia. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake, nikaona nilichokiona: mawese, mekundu, mazito, yamejaa mpaka katikati ya vyuma. Harufu yake ilikuwa ileile ya shingo ya yaya.

Baba aliyagusa mawese yale kwa kidole. Kisha akamtazama mama yake.

"Umeona nini, mwana wangu?" Tate akauliza.

"Vumbi tu, mama. Ni vumbi."

Akafuta kwa esansi na pindo la shati lake la harusi. Akazungusha mara moja, gari likawaka. Ningalikuwa na jiwe ningalilipiga.

Tulifika Fizi tukakuta wanawake wanaosha masufuria. Padri alikuwa ameshaondoka. Wakwe walikuwa wameshamchukua bibi harusi kwenda kwa ndugu zao kijijini Lubondja, na mjomba ndiye aliyesimama mahali pa baba. Baba alizunguka kanisa lile tupu, akarudi, akakaa kwenye usukani. Tate aliuliza, "Mutoto iko wapi?" na wanawake wakamwonyesha njia ya Lubondja.

Tate alikufa bila kujua kwamba mawese yake ndiyo yaliyolizima gari, naye baba hakumwambia kamwe. Tate mwenyewe alijisifu kila mahali kwamba bila mafuta yake gari lisingefika. Mimi niliikosa harusi ile, nikakaa nikiisikia kwa vinywa vya wengine: jinsi yaya alivyoingia na vumbi miguuni, jinsi alivyogeuka mara mbili kutazama mlangoni. Nilimwonea wivu kila aliyekuwepo. Sasa yaya hayupo, mume wake hayupo, mama, mjomba, mashangazi, wote wamekwenda. Wajukuu wa yaya wakitaka kujua bibi yao aliolewaje, wanatumwa kwangu, na mimi ndiye ambaye sikuiona.