Mtu Aliyelia Kwenye Kanda

Juzi nilimwona kijana mwenye fulana ya mtumba, imechorwa ile bendi ya roki aliyoipenda dada Eliza. Nikakumbuka mchana mmoja kwetu Itigi, tulipokuwa tumetoka kumzika baba. Nyumba bado ilinuka moshi na asali ya mizinga yake. Dada hakuwa ametoa chozi. Alijifungia chumbani na redio kaseti. Magitaa yakakwaruza kama bati linaloburutwa, kisha mwanamume akapiga mayowe kwa Kiingereza.

Niligonga mlango. "Dada, huyo anapigwa na nani?"

"Hapigwi. Anaimba."

"Mbona analia?"

Akafungua, uso umelowa. "Ananisaidia."

Nilikaa kando yake nikimsubiri yule mtu amalize. Kanda ilipoisha, dada akairudisha mwanzo. Sasa Kiingereza nakijua, lakini maneno yale bado siyaelewi.