Sufuria Iliyoona Aibu Kurudi Tupu

Najua utacheka, na sitakulaumu, maana mimi mwenyewe nimesomeshwa kucheka mambo kama haya. Nilikaa chuo kikuu muda wa kutosha kujifunza kutoamini chochote kisicho na tanbihi. Lakini hili lilinipata mimi, uani kwangu hapa Kilosa, nikiwa na akili zangu zote na unga wa mchele hadi kwenye nyusi.

Sufuria niliipata Mikumi. Nilikwenda kumsalimia mdogo wangu Rehema, anayeishi karibu na barabara kuu, tukapita kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Huo ndio ugonjwa wangu: nikiona kitu cha zamani kimelala kwenye lundo, nakihurumia kama yatima. Ilikuwa sufuria nzito ya chuma, ya aina isiyotengenezwa tena, na mfuniko wake bapa ulikuwa na ukingo wa kuzuia makaa yasidondoke. Rehema aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Dada, tatizo si sufuria. Tatizo ni mpishi. Idd iliyopita ulitulisha uji."

Aliusema mkate wangu wa kumimina, ulioiva kingo ukabaki mbichi katikati. Nikamwambia angoje aone.

Mkesha wa Idd, alasiri, nikaanza. Mchele nilikwisha kuuloweka na kuusaga kwa tui la nazi na iliki, na hamira ilikuwa imefanya kazi yake. Nikamimina rojo kwenye sufuria, nikaiweka kwenye jiko la mkaa, makaa chini, makaa juu. Halafu nikakaa na aibu yangu ya pili: kawa. Mtaani kwetu, Idd ikikaribia, kina mama hushona kawa mpya za ukindu za kufunikia sahani zinazopelekwa kwa majirani, nami nilikuwa nimeapa kushona ya kwangu. Ukili, ule utepe wa ukindu, niliununua umeshasukwa. Kazi yangu ilikuwa kuuzungusha na kuushona tu. Tu! Yangu ilifanana na kofia iliyokaliwa.

Jua lilikuwa linaingia milimani nilipoinua macho nikaona mama mzee amekaa kwenye kigoda, mbele yangu. Geti nilikuwa nimelitia komeo. Nilijiambia nimesahau, msomi hakosi maelezo.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Niamini, hilo lilinishtua kuliko geti. Hapa kwetu mzee anaweza kukununia akakunyima hata maji ya kunywa, lakini marahaba atakupa.

"Moto wa juu ongeza, wa chini punguza," alisema, akionyesha jiko kwa kidevu. "Unauchoma tumbo, mgongo unauacha na baridi."

Nikaongeza, nikapunguza. Naye akaichukua kawa yangu mapajani kwangu, akaanza kushona kana kwamba tulikubaliana hivyo.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kawa? Naishona mwenyewe."

"Hilo naliona, pole. Nauliza sufuria."

"Mikumi, mama. Kwenye chuma chakavu."

Sindano ilisimama. "Kumbe Tatu aliitupa."

Bi Tatu nilimfahamu. Ni jirani yangu wa ng'ambo ya njia, mzee anayeishi peke yake, na mtaa mzima unajua kwamba hapokei sahani ya mtu. Sikukuu zote mlango wake hufungwa, ati anaumwa.

"Nilimpelekea mkate ndani ya sufuria yangu hii, siku ya Idd," mama yule aliendelea. "Mwaka ule mvua ilitunyima, kwake hakukuwa na hata punje. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, si unajua? Basi akaona aibu, akakaa nayo. Nikipita huku, yeye anapita kule. Mpelekee. Mwambie Zena hakuwa anangoja sufuria. Alikuwa anamngoja yeye."

Harufu ya mkate ikanigeuza. Nilifunua: umepanda, umeiva, umepata rangi ya asali. Nikageuka nijisifu. Kigoda kilikuwa kitupu isipokuwa kawa, imeshonwa hadi ukingoni. Geti lilikuwa na komeo lake.

Je, nilikimbia? Mtu mwenye shahada hakimbii. Nilitembea kwa kasi kubwa sana, sufuria ya moto imefungwa kwa kanga, kawa juu yake, hadi kwa Bi Tatu.

Alifungua mlango kidogo. "Mwanangu, unajua sipokei..." Kisha akaiona sufuria. Akakaa chini palepale kizingitini. Nilimweleza kila kitu, nikijisikia mjinga kwa kila neno. Alikuwa anapitisha kidole juu ya kawa.

"Hapa katikati ni wewe."

"Ndiyo, bibi."

"Umeharibu."

"Ndiyo, bibi."

"Kuanzia hapa ni Zena. Alikuwa mashoto. Tazama, mishono inalala upande mwingine. Mtaa huu haukuwa na mwingine." Akaishika kawa kwa mikono miwili. "Nilisema nikivuna nitairudisha imejaa. Nilipovuna, tulikuwa tumeshamzika. Nikaificha. Mwisho nikawapa wanunuzi wa chuma chakavu waliopita, nisiione tena."

Asubuhi ya Idd alivaa kanga mpya, akabeba sufuria na mkate wote, nikamsindikiza kwa binti wa Bi Zena, upande wetu wa njia. Binti aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Karibu ndani, mama. Sahani yako marehemu aliiandaa hadi Idd yake ya mwisho." Bi Tatu akaingia. Alitoka jioni.

Kipande kimoja tu walichonikatia ndicho nilichomfikishia Rehema. Alikila, akasema kimeiva, akauliza nani kapika.

Sufuria si yangu tena. Inavuka njia kwenda na kurudi kati ya nyumba zile mbili, na mlango wa Bi Tatu siku hizi haufungwi. Kawa ninayo, ukutani. Wageni husifu mishono ya ukingoni, nami nimejifunza kunyamaza. Lakini jioni ile ya Idd, nilipokuwa nazoa majivu uani, nilisikia karibu kabisa na sikio langu, "Marahaba, mwanangu." Sikugeuka. Ungegeuka wewe?

Kwa hiyo inuka ukatazame kabatini kwako. Kama kuna bakuli la mtu, lipeleke leo. Usingoje mavuno, usingoje mshahara, lipeleke hata tupu, kabla mwenyewe hajalifuata.

Mimi nimetazama langu, nikakuta hotpoti ya Rehema. Kesho napanda basi la Mikumi. Ndani sijaweka kitu.