Kitambaa Ndani ya Mtumbwi

Aroni Kalinga alishuka kwenye mtumbwi wake kama mgonjwa anayeshuka kitandani. Kwanza mkono mmoja ukingoni, kisha wa pili, kisha mguu wa kulia, halafu akangoja. Mguu wa kushoto haukuja. Akaushika chini ya goti kwa mikono miwili, akauinua kama mtu anayehamisha gogo, akauweka kwenye tope. Wenzake walicheka, naye akacheka. Baada ya muda mguu ulianza kuwasha, damu ikarudi, akachechemea kwenda kwenye chanja za kukaushia samaki kwa moshi.

Hapo damu ilikuwa bado inarudi.

Kambi yao iko kwenye Bwawa la Mtera, upande wa Iringa, si mbali na Migoli. Mto ulipofungwa kwa ajili ya umeme, maji yalipanda juu ya msitu ambao hakuna aliyeukata, na miti ikafia palepale iliposimama. Bado imesimama. Asubuhi unapita katikati ya matawi meupe yasiyo na jani hata moja, na chini ya maji kuna visiki usivyoviona. Viboko hulala humo, na mamba pia. Ndiyo maana mitumbwi ya pale, ingawa ni myembamba na ya mtu mmoja mmoja, huenda miwili miwili. Kiboko akiibuka, wavuvi wote wawili hugonga makasia kwenye ubavu wa mitumbwi mpaka azame tena. Kelele za wawili humfukuza. Kelele za mmoja, wanasema, humwonyesha njia.

Aroni alikwenda na Philbert. Alipofika pale kutoka Mafinga, kijana aliyekwisha kuchoshwa na vumbi la mbao, hakujua hata kuogelea. Philbert ndiye aliyemfundisha kazi, na kazi yenyewe, kuliko kutupa nyavu au kuvuta ndoana, ni kukaa.

Unakaa chini kabisa, juu ya mti mtupu ulioloa. Mguu mmoja unaukunja chini ya makalio, mwingine unauegemeza ubavuni. Kamba ya ndoana inapita juu ya paja, kwa hiyo hujigeuzi. Maji hunywi, kwa sababu ukinywa utataka kusimama ukojoe, na kusimama kwenye mtumbwi ule ni mwanzo wa kuzama. Unakaa hivyo tangu kabla jua halijatoka hadi linapokuwa kali kichwani, na siku ambazo samaki ni wachache unakaa hadi linapoanza kushuka.

"Mguu ukilala, mtumbwi umetulia," Philbert alimwambia. "Mguu ulio macho unatafuta ugomvi."

Mvumilivu hula mbivu, tunafundishwa tangu darasa la kwanza. Nimezunguka kambi ile nzima nikiitafuta hiyo mbivu. Nimeona wanaume wa miaka arobaini wasioweza kuchuchumaa. Nimeona mgongo uliopinda ukiitwa mgongo wa kazi, kana kwamba ni cheo. Perege wao wanaliwa Iringa mjini kwa limau na pilipili, na sisi tuliosoma tunawasifu wavuvi kwa uvumilivu wao, kwa sababu sifa ni rahisi kuliko kuuliza huyo mtu amekalia nini.

Mke wa Aroni aliuliza. Tupokigwe ni mzaliwa wa Ilomba, Mbeya, fundi cherehani, mwanamke asiyenyamaza. Siku moja mumewe aliingia nyumbani na ndala moja.

"Baba Lea, nyingine iko wapi?"

Aroni akaangalia miguu yake. "Si hii hapa?"

"Hiyo ya kulia. Ya kushoto nakuuliza."

Hakuwa na habari. Alikuwa ametembea kutoka ufukweni mguu mmoja peku, juu ya miiba ya migunga, na mwiba mmoja ulikuwa umezama kisiginoni hadi nusu. Tupokigwe aliuvuta kwa koleo. Damu ilitoka. Aroni alikuwa anatafuna kiazi.

"Huumii?"

"Niumie wapi?"

"Mwe bandu!" Tupokigwe alisema, kwa Kinyakyusa chao cha kuita watu, ingawa ndani hapakuwa na mtu mwingine. Wiki ileile alimpeleka hospitali Tosamaganga.

Daktari aligonga goti, akachoma nyayo kwa sindano, akamwambia Aroni afumbe macho na aseme anapoguswa. Aroni alikaa kimya muda mrefu mno. Daktari akawaeleza bila kuzunguka: mshipa wa fahamu unabanwa kila siku kati ya mfupa na mti, na mshipa unaobanwa hivyo hufika mahali ukafa. Usipokufa, unaweza kurudi polepole. Akalie kitu laini. Anyooshe mguu. Anywe maji.

"Na nikiendelea hivihivi?" Aroni aliuliza.

"Utabaki nao, lakini hautakuwa wako."

Tupokigwe alishona kikalio usiku wa kurudi kwao. Nje gunia la mahindi, ndani vipande vya sponji na mabaki ya vitenge, pembeni kamba mbili za kukifunga kisiteleze. Kilikuwa kizuri. Asubuhi Aroni alikipeleka ufukweni kwapani, na mazungumzo yote yakakatika.

Hapa inabidi nieleze. Katika kambi ile kitambaa hakiwekwi ndani ya mtumbwi ila kwa sababu moja. Mtu akizama na mwili ukapatikana, hutandikiwa nguo ndani ya mtumbwi, analazwa juu yake, analetwa nyumbani. Kwa hiyo mtumbwi uliotandikwa ni mtumbwi unaongoja maiti, na maji, wanaamini, hayapendi kuahidiwa kitu kisha yasipewe.

"Mnyalukolo," Philbert alisema, kwa jina wanaloitana watu wa Iringa, "hicho ni nini?"

"Dawa ya mguu. Daktari kasema."

"Daktari wako anavua wapi?"

Watu walicheka, lakini kidogo. Clement, mkubwa wa kambi, alitema mate pembeni. "Kalinga, unamtandikia nani?"

"Makalio yangu, Mzee Clement. Nayo yana haki."

"Basi nenda na makalio yako. Mtu wangu haendi na wewe."

Aroni alimtazama Philbert. Philbert alikuwa anafunga fundo ambalo lilikuwa limekwisha kufungwa.

Ndivyo alivyoanza kwenda peke yake. Na mguu, nasema kweli, ulianza kurudi. Kwanza joto nyuma ya goti, kisha maumivu kisiginoni ambayo Tupokigwe aliyapokea kama habari ya mtoto kuzaliwa. "Yanauma? Yanauma kweli?" Alimfinya kidole kila jioni, Aroni akapiga kelele, wakacheka wote wawili. Lakini kule majini mitumbwi mingine ilipoona wake ikajitenga, na aliposalimia "Kamwene!" jibu lilikuja likiwa dogo, au halikuja. Alianza kuzungumza na kasia.

"Acha kazi hiyo," Tupokigwe alimwambia. "Twende Ilomba. Mimi nitashona, wewe utapata mbao za kupasua."

"Nitarudi kwenye mbao na mguu gani? Kwanza upone. Bado kidogo tu."

Kiboko aliibuka asubuhi yenye ukungu, karibu sana, bila sauti. Aroni aliona masikio, kisha pua, kisha maji yaliyovimba. Akagonga kasia kwenye ubavu kwa nguvu zake zote. Kelele ilikwenda kwenye miti mikavu ikarudi, ya mtu mmoja. Kiboko akageuka upande wake. Aroni akapiga kasia kurudi nyuma, mtumbwi ukapanda kisiki, ukalala ubavu, na maji yakaingia.

Mguu ndio uliomwokoa. Mguu wa kushoto, ule uliokuwa umeanza kuamka, ulisukuma kisiki, ukamfikisha kwenye mti wa karibu, ukapanda. Alikaa kwenye panda ya tawi jeupe, juu kidogo ya maji. Kiboko alizunguka chini yake, akazama, akaibuka, akazama.

Ukungu ulipoinuka aliona mitumbwi sita. Walikuwa karibu kiasi cha kumtambua mtu kwa kofia yake. Aliita. Hawakusogea. Aliwaita kwa majina, mmoja mmoja, na kila aliyeitwa aliinamisha kichwa. Mwishowe mtumbwi mmoja ulikuja nusu ya njia, ukasimama.

"Philbert! Njoo!"

"Kitambaa kiko wapi?"

"Kimezama!"

"Umekiona kikizama?"

"Philbert, kuna mnyama hapa chini!"

"Namwona. Nakuuliza kitambaa."

Kilikuwa kimenasa kwenye visiki, kinaelea, kamba zake mbili zikichezacheza majini. Wote wawili walikiona.

"Sema hutatandika tena," Philbert alisema. Sauti yake ilikuwa inalia. "Sema, ndugu yangu, ili nije. Wanangoja niwarudishie jibu. Nikija kabla hujasema, na mimi sitapata wa kwenda naye."

Tawi lilialika. Lilikuwa limebeba ndege tu kwa miaka yote ile.

"Sitatandika."

"Apa."

"Naapa kwa kaburi la mama. Sitatandika tena."

Ndipo sita wote walikuja, wakigonga makasia, na kiboko akaondoka kama mgeni aliyeambiwa chakula kimekwisha.

Tupokigwe alipigana na kiapo kile kwa kila alichokuwa nacho. Alileta ubao wa msonobari kutoka Mafinga. Ulimwinua Aroni mno, mtumbwi ukayumba, akautoa. Alileta nyasi kavu. Clement akasema nyasi nazo ni kitanda. Alikwenda kwa Philbert mwenyewe.

"Shemeji, unamuua mwenzako."

"Shemeji, mimi ndiye niliyemtoa mtini."

"Aliyemweka huko ni nani?"

Philbert akarudi kwenye nyavu zake. Kwa Aroni mwenyewe Tupokigwe alishindwa vibaya zaidi, kwa kuwa Aroni hakubishana. Alisema tu, "Mama Lea, hujakaa kule ukasalimia watu wakanyamaza." Akaukunja mguu chini yake juu ya mti mtupu, akaenda na wenzake, na siku ile alirudi anaimba.

Kifundo kilikufa kwanza, kisha wayo wote ukaanguka mbele kama ulimi wa kiatu kibovu. Kidole kikafinywa jioni, hakikusema kitu, na baadaye Tupokigwe akaacha kufinya. Kule ufukweni hawakumwacha tena Aroni auinue mguu wake mwenyewe. Walimbeba. Wanaume wanne, wawili kila upande, vumbi na matope na matusi ya upendo.

"Bwana harusi anashuka! Pisheni!"

"Mzito huyu, amekula samaki wetu wote!"

"Mnyalukolo, leo mahari unatoa?"

Na Aroni, juu ya mabega yao, uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyesamehewa.

Alasiri moja walimweka kama kawaida mahali pake pazuri, kwenye jiwe karibu na chanja, miguu ikielekea motoni. Upepo ulikuwa wa baridi. Tupokigwe alikuwa ameshusha samaki wote na kuwapanga kwenye matenga, akiwafunika na majani. Aroni alianza kusimulia habari ya kambale aliyemponyoka Clement akamwachia utelezi mkononi, na Clement mwenyewe alicheka, akakanusha, akacheka tena. Philbert alikuwa ameegemea bega la rafiki yake.

Kisha Philbert akainua pua.

"Nani kaunguza kambale?"

Tupokigwe aligeuka kwenye chanja. Hapakuwa na samaki hata mmoja juu yake. Akafuata moshi mwembamba kwa macho, ukitoka chini, kwenye makaa, pale ulipoangukia wayo wa kushoto wa Aroni, na akaanza kukimbia, wakati Aroni bado anacheka.