Sukari ya Mheshimiwa

Paskazia Mageni wa Tinde hakujua salamu fupi. Ukikutana naye una haraka, ole wako. Atakuuliza habari za nyumbani, za watoto mmoja mmoja, za ng'ombe, hata za balozi wako wa nyumba kumi, na huondoki mpaka ujibu. Mimi jirani yake nilikuwa napita nyuma ya zizi ili nimkwepe, wala sioni haya kulisema.

Mwaka 1983 sukari iliadimika. Duka la kijiji liliuza kilo moja kwa kaya kila mwezi, na ili uipate ulitaja jina la mwenye kaya, balozi wake na idadi ya watu. Karani, Hatibu, alikuwa mgeni. Hakujua sura zetu, na macho yake hayakutoka daftarini, ila sauti alijaliwa. Kila ulichomnong'oneza alikitangaza: "Kaya ya Paskazia Mageni! Balozi Theonest! Watu saba, mmoja mjamzito!" Foleni nzima inasikia. Mwezi unaofuata, mwenye masikio yake anadamka, anataja hayohayo, anaondoka na kilo. Paskazia akifika anaambiwa ameshachukua.

Aliibiwa jina mara tatu. Mara ya tatu binti yake, Esta, alikuwa amejifungua juzi, na uji wa mzazi hauna hata chembe ya sukari. Alilia palepale dukani. Niliumia sana.

Ndipo kamati ya wabunge ikaja kusikiliza malalamiko hayo. Walitaka mtaalamu, tukampeleka Paskazia, maana nani aliibiwa kumshinda? Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Ignas Maganga, ambaye kaya yake iko hapahapa Tinde.

"Shikamoo, mama," akasema Mheshimiwa.

"Marahaba, baba. Nyumbani hawajambo?"

Basi tena! Wabunge walitazama saa zao, mmoja akasinzia. Mwenyekiti, kwa adabu aliyolelewa nayo, alijibu kila swali mpaka jua likazama. Ushahidi ukaahirishwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake kikao kilianza saa nne.

"Leo salamu basi, mama. Tueleze, mtu anaibaje jina la mwenzake?"

Paskazia akafungua kanga yake, akaweka kilo ya sukari mezani.

"Hii ni ya kwako, baba. Nimeinunua asubuhi. Kaya ya Ignas Maganga, balozi Athanas, watu kumi na mmoja, bibi anaumwa jino. Hatibu hakuinua hata kichwa."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mheshimiwa alijifuta jasho.

"Lakini mama, hayo umeyajuaje?"

"Si ulinitajia mwenyewe jana, mbele ya watu wote hawa?"

Hatibu aliagizwa kuanzia siku hiyo ahudumie mtu mmoja mmoja, mlango umefungwa, sauti chini. Sukari ile Mheshimiwa aliisukuma kwa Paskazia, akasema, "Mpelekee mzazi."

Tulimsindikiza Mheshimiwa mpaka garini. Paskazia akamshika mkono.

"Kwaheri, baba. Na yule mtoto wako wa mwisho, anaitwa nani vile?"

Mheshimiwa akapanda gari, akapandisha kioo.