Mirindi Fundi Plasta na Piano ya Rohero

Watu wa Kinama, mtaa wetu hapa Bujumbura, wakitaka kukueleza Mirindi ni nani, hukuambia mambo mawili: ndiye fundi wa plasta ambaye ukuta wake haupasuki, na ndiye anayepiga kinanda kanisani kwetu. La tatu wakilisahau, mimi huwakumbusha: kinanda alifundishwa na mimi. Jina langu ni Marguerite, ila mtaani naitwa Mama Eddy, mshona sare za shule. Sina aibu ya kujisifu. Ukingoja majirani wakusifu, utazeeka ukingoja.

Mirindi ni mtu wa Uvira. Alivuka mpaka akiwa na miaka ishirini na mbili, na kazi ya kwanza aliyoipata Bujumbura ilikuwa kupiga plasta ukuta wa nyuma wa kanisa letu. Siku hiyo kwaya ilikuwa mazoezini. Nilimwona dirishani, mwiko mkononi, simenti inamkaukia kwenye karai, naye hana habari. Jumamosi iliyofuata alikuja ameoga, amevaa shati safi, simenti bado imo kwenye kucha, akaniomba nimfundishe. Wengine kwenye kwaya walisema samaki mkunje angali mbichi, na huyu amekwisha kauka. Nikamwambia akae.

Mimi mwenyewe nilijuaje? Kinanda cha kanisa ni cha umeme, tulipewa zawadi na familia moja iliyokuwa ikihama, na hakuna aliyejua kukipiga. Binamu yangu Astère, aliyekuwa akipiga kwenye harusi, alinipa alasiri tatu za muda wake. Akaniambia, "Usijichoshe, dada. Kila wimbo piga kwa do. Ile vibao vyeusi achana navyo. Mutu akianza juu, finya plus. Akianza chini, finya moins." Ni vitufe viwili vidogo upande wa kushoto. Ukifinya kimoja, kinanda kizima kinapanda hatua moja ndogo. Ukifinya kingine, kinashuka. Vidole vyako vinabaki palepale kwenye vibao vyeupe, kama vile hakuna kilichotokea.

Hivyo ndivyo nilivyopiga miaka tisa, hivyo ndivyo nilivyomfundisha Mirindi miaka miwili, na hivyo ndivyo wapigaji wengi wa makanisa ninayoyajua wanavyopiga. Msituite wavivu. Mchungaji wetu Jérémie huanzisha wimbo popote koo lake lilipoamkia siku hiyo, wala hamwulizi mtu. Mpigaji ana muda wa kumeza mate tu, kisha waumini mia tatu wamekwisha ingia. Mirindi alikuwa bingwa wa hilo. Mchungaji hajafika neno la pili, kidole cha Mirindi kimekwisha finya: plus mbili, plus tano, bila kutazama, na hakosei. Vidole vyangu vilipoanza kuvimba kwa sindano na uzee, nilimwachia kiti. Nilijiona nimefanya kazi kubwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilisifiwa sana.

Mwaka jana kifua chake kikaanza kumsumbua. Alikuwa akikohoa vumbi jeupe kazini, baadaye akawa anakohoa hata Jumapili. Mkewe Lisette alikuja kwangu akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia daktari wa kituo cha afya amesema neno moja: aache simenti. Lisette hakulia. Aliniuliza tu mtu anayeacha simenti, na watoto watatu, anashika nini.

Jibu lilikuja na tangazo. Shule moja ndogo ya muziki kule Rohero ilitafuta watu wanane wa kusoma miaka miwili bila kulipa, kisha wapangiwe kufundisha muziki kwenye shule za msingi. Kuingia ni kwa konkuru, mtihani wa kushindania nafasi. Umri mwisho miaka thelathini na mitano. Konkuru ilikuwa Septemba, na Mirindi alikuwa atimize thelathini na sita Desemba.

"Mama Eddy," aliniambia, "na kifua hii, mi niende wapi? Kama si hii, ni kubaki kwa simenti mupaka ifunge pumuzi."

"Utaingia," nikamwambia. "Kama we hauingii, nani ataingia?"

Tukajitayarisha miezi minne. Kanisa hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri kwa ajili ya maombi. Waombaji wakiondoka, Mirindi alikaa kwenye kinanda hadi saa moja, kisha akaenda kazini. Umeme ulipokuwa haupo tulitia betri kubwa sita. Mimi nilikaa kwenye benchi nikimpigia mapigo kwa mpini wa mkasi. Tangazo lilitaka vipande vitatu vya kuchagua mwenyewe, na baadaye kumfuata mwimbaji. Vile vitatu alivipiga hadi ningeweza kuvishona nimefumba macho. Kumfuata mwimbaji hatukujisumbua nako hata kidogo. Hiyo ndiyo kazi yake ya kila Jumapili.

Tangazo lilisema pia kwamba konkuru itafanyika kwenye piano kubwa ya shule. Tulilisoma hilo wote wawili, tukafurahi. Piano kubwa, tulijiambia, itakuwa na vitufe vingi zaidi.

Siku yenyewe mafuta yalikuwa yameadimika tena mjini, mabasi yamelala, tukaenda kwa miguu. Miguu yangu ina miaka sitini na mbili, lakini nisingekosa. Mirindi alivaa suti ya harusi yake na kubeba kitambaa cha kukoholea. Tulifika saa tatu. Waliosindikiza watahiniwa tuliwekwa kwenye benchi barazani, chini ya madirisha yaliyokuwa wazi kwa sababu ya joto, kwa hiyo niliona na kusikia kila kitu.

Ndani kulikuwa na watu watatu mezani. Mkubwa wao alikuwa mwanamke mrefu wa makamo aliyeitwa Madamu Laure. Piano ilikuwa ya mbao nyeusi, pana kama kabati la nguo. Mirindi aliwaamkia, akaketi, kisha akainamisha kichwa upande wa kushoto. Akatazama upande wa kulia. Akainua kifuniko, akakirudisha. Akapapasa chini ya vibao, pale ambapo mtu hupapasa akitafuta ufunguo ulioanguka.

"Monsieur Mirindi, unatafuta nini?" akauliza Madamu Laure.

"Kitufe, madamu. Ile ya kupandisha."

"Hii haina kitufe. Hii ni mbao na nyaya tu."

Mwanamume mmoja mezani alikohoa kicheko. Bila kitufe, kilichobaki ni do tu. Nilielewa kabla Mirindi hajaelewa.

Vipande vyake vitatu alivipiga vizuri. Vyote vilikuwa vya do, vibao vyeupe tupu, na vidole vyake vilikuwa na nguvu ya fundi. Niliona Madamu Laure anaandika na kutikisa kichwa kwa kuridhika, nikaanza kumwomba Mungu mambo ambayo si haki kumwomba, kwamba mwimbaji naye aanze kwa do.

Mwimbaji alikuwa mwalimu wa shule ile, kijana aitwaye Adrien, mwenye sauti ya kifuani. Akaanza wimbo wa tenzi ambao Mirindi ameupiga labda mara mia mbili. Akaimba mstari mmoja. Mikono ya Mirindi haikushuka.

"Ni plus tatu," akasema Mirindi.

Madamu Laure akasimama, akagusa kibao kimoja cheusi, akasikiliza. "Ni mi bemoli," akasema. "Plus tatu ni nini?"

"Ni mara tatu juu ya do."

"Adrien, anza kwingine."

Adrien akaanza kwingine. Mirindi akasema plus saba. Akaanza tena, chini. Mirindi akasema moins moja. Madamu Laure aligusa kibao kila mara, na kila mara ilikuwa kweli. Wale wawili mezani waliacha kuandika. Mimi nikainuka nusu kwenye benchi. Nilijua masikio yake ni mazuri, lakini hata mimi sikujua kwamba ni mazuri kiasi kile, na nilifurahi kama mjinga.

"Una masikio ambayo nimeyaona mara chache sana," akasema Madamu Laure. "Sasa piga. Rudini kwa ile ya kwanza."

Mirindi akaweka mikono. Adrien akaimba. Vidole vilikwenda pale vilipofundishwa kwenda, kwenye vibao vyeupe, na sauti iliyotoka ilikuwa ya majirani wawili wanaogombana ukutani. Akaacha. Akajaribu kupanda na mkono wa kulia, akashika kibao cheusi kimoja, akakosa cha pili. Akamwomba Adrien ashuke hadi do. Adrien, ambaye alikuwa na huruma, akajaribu, lakini pale wimbo ulikuwa chini mno, haufiki, ukafia kooni. Mirindi akatoa mikono juu ya piano, akaiweka magotini. Jasho lilimtoka kwenye kola ya ile suti.

Madamu Laure hakumkaripia. Alirudi kwenye kiti, akavuta karatasi. "Miaka ngapi umepiga?"

"Kumi na tatu."

"Miaka kumi na tatu kwa do tu. Nani alikufundisha?"

Nilishika ukingo wa benchi. Kusema kweli, nilikuwa nimekaa asubuhi yote nikingoja swali hilo. Njiani nilikuwa nimejipangia namna nitakavyoinua kichwa likiulizwa.

Mirindi akatazama vibao. "Hakuna mutu, madamu. Mi nilijifunza mwenyewe."

"Ndiyo maana," akasema yule mwanamume wa kicheko, na Madamu Laure akaandika. Kisha akamwambia waziwazi, bila kuzungusha, kwamba masomo yanaanza Oktoba, wanafunzi wanapaswa kupiga kwa funguo zote, si kwa do peke yake, tangu wiki ya kwanza, kwa hiyo hawezi kumchukua. Na mwaka kesho umri hautamruhusu. Alimpa mkono. Mirindi akashukuru, akatoka.

Tukashika njia ya kurudi. Nitasema kweli yote: sikuwa namfikiria yeye, wala kifua chake, wala Lisette. Nilikuwa nimekasirika. Miaka miwili ya Jumamosi zangu, chai yangu, mandazi yangu, naye ananikana mbele ya watu wa mjini kama Petro. Tulipofika kwenye daraja la Ntahangwa nikashindwa kunyamaza.

"Kwa nini umenikana, Mirindi? Mi sikukufundisha?"

Alisimama, akakohoa kwenye kitambaa chake, akangoja pumzi imrudie.

"Mama, umeona vile walikuwa wanacheka," akasema. "Mi wakinicheka, haina shida, mi nimeshaanguka. We, kwa nini wakucheke?"

Magari machache yalipita. Mirindi alikuwa akitazama maji chini, si mimi, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejumlisha siku za kazi. Hapo ndipo nilipoona haya, haya ya kweli. Nilikuwa nimemfunga mtu mwenye masikio yale kwenye vibao vyeupe miaka kumi na mitatu, na njia nzima nilikuwa nikidai anitaje.

Nikageuka. Akaniita mara mbili, "Mama Eddy, unaenda wapi?" Nikamwambia aende nyumbani, Lisette anangoja. Nikarudi Rohero, jua la saa saba kichwani, magoti yakilalamika kila hatua.

Walikuwa wanakusanya karatasi. Yule mwanamume aliniuliza kama nina mtahiniwa. Nikasema ninaye, zamu yake imeshapita, ni Mirindi.

"Madamu," akasema Laure kwa upole, "tumeshaandika. Haibadiliki."

"Najua. Sikuja kuomba mubadilishe." Nikasogea hadi mezani. "Amesema alijifunza mwenyewe. Ni uongo. Alifundishwa na mi. Anajua do tu kwa sababu mi najua do tu. Masikio ni yake, kosa ni yangu. Andikeni hivyo."

Walitazamana. Hakuna aliyecheka, na kama wangecheka ningekaa palepale nisikie hadi mwisho. Madamu Laure akapekua karatasi hadi akaipata ya Mirindi. Niliona alama zake, nikaona mstari wa mwalimu, na pale pameandikwa: hakuna. Akalikata neno hilo kwa kalamu.

"Jina lako lote?"

"Marguerite Ndayikengurutse," nikasema, na nikamtajia herufi moja moja, polepole, ili asikosee.