Meno Ishirini na Nane

Fundi wa baiskeli pale Kikima hukutazama mapaja kabla ya kuitazama baiskeli. Huifuta mikono kwa kipande cha sweta kuukuu, hunusa cheni kama mtu anayenusa maziwa ya jana, kisha huongea kwa sauti ya kutangaza msiba. Nilimwambia aondoe gia zangu tatu za mbele, maana cheni ilikuwa ikianguka kila mlima, aniwekee moja tu, ya meno thelathini na sita kama ya wenzangu.

"Mwalimu," akasema, "hiyo ni ya miguu ingine. Wewe ni wa ishirini na nane."

Wauza maembe waliokaa kando wakacheka. Niling'ang'ana, naye akaifunga ile kubwa.

Nikiwa njiani kurudi, kwenye kona ya pili ya mlima nilikwama, nikaegemea usukani nikihema. Nikasikia akala, vile viatu vya tairi, vikija nyuma yangu. Fundi alikuwa amenifuata kwa miguu, spana mkononi, ile gia ndogo ya ishirini na nane mfukoni mwa shati. Hakucheka. Akapiga magoti vumbini, akaibadilisha, akaifupisha cheni.

"Sasa panda. Mimi naenda kusalimia dada yangu huko juu."

Nilipanda nikiwa nimeketi, pumzi ikinitosha, nikajiona bingwa. Alinipita kabla ya kona ya tatu.