Spika Zilizokuja Ndani ya Eda

Spika zilifika siku ya kumi na tisa tangu tumzike mume wangu. Siku nilikuwa nazo kichwani, maana mjane aliye edani hana kazi nyingine: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, hapaki wanja, hatii hina, hajifukizi udi, haendi kokote ila kwa dharura. Mlango wetu wa mbele mchana kutwa ulikuwa wazi, watu wakiingia na kutoka na masinia ya vyakula, lakini sijawahi kujiona nimefungwa vile maishani mwangu.

Mleta mizigo aliyaweka makatoni mawili barazani. Dada yangu mkubwa, aliyetoka kwake Mji wa Kale kuja kunisimamia eda, alitia sahihi kisha akapanda kuniuliza ni mzigo gani huo.

"Ni spika," nikamwambia. "Za gari."

"Nani aloagiza?"

"Mwenyewe. Kabla hajafa."

Dada akaketi ukingoni mwa kitanda. Akasema zirudishwe zilikotoka, au apewe mtu. Nikamwambia hazirudi, na sikumweleza kwa nini, kwa sababu hiyo kwa nini ilikuwa aibu yangu mimi.

Mume wangu alinunua gari la umeme miaka miwili kabla ya kufariki. Hapa Kizingo majirani walikuja kulitazama kama wanaotazama mtoto mchanga. Halingurumi, halitoi moshi, unaliwasha na hujui kama limewaka. Yeye alilipendea kimya chake. Ujanani alikuwa mpiga fidla kwenye maharusi ya mji huu, kabla hajaajiriwa bandarini, na masikio yake aliyasifu kama wengine wanavyosifu watoto wao waliosoma. Alikuwa akisimama barabarani akasema fidla inayolia katika redio ya duka lile waya wake wa pili umelegea.

Hazikupita wiki mbili akaanza kulalamika. Spika zilizokuja na gari ni mbovu, akasema. Kampuni imeweka betri ya mamilioni ikatia spika za kitoto. Fidla imekufa humu ndani, haina roho, haina ncha. Alikuwa na mkanda wake wa zamani, harusi fulani ya ujanani, ameuhamishia kwenye kile kijiti kidogo kinachochomekwa garini, na kila tukipanda anauweka, anainamisha kichwa, anasonya. Akaingia kwenye skrini ya gari akazipandisha sauti za juu, mstari mmoja mmoja.

Mimi ziliniumiza. Kila "s" ya mwimbaji iliniingia sikioni kama sindano. Nikinyoosha mkono kupunguza, yeye anapandisha. Tuligombana kwa vidole toka nyumbani mpaka Tudor kwa mwanetu, hatusemezani, skrini inapanda na kushuka.

Nilichokuwa nakijua, na yeye hakijui, ni kwamba spika hazikuwa na kosa lolote.

Nilikijua jikoni. Siku moja nilikuwa nikikaanga pilipili, nimejiziba mdomo kwa leso kwa ajili ya ule mvuke, naye amesimama mlangoni ananitazama. Nikamwambia chakula ki tayari. Kimya. Nikarudia. Akanitazama tu, kisha akaniuliza, "Mbona huninenezi yeo? Nimekukosea nini?" Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kwa muda mrefu alikuwa akinisikia kwa macho, akisoma midomo yangu pasipo yeye mwenyewe kujua. Niliteremsha leso nikarudia kusema, akacheka akaja kula.

Tangu siku hiyo sikuzungumza naye bila kumgeuzia uso. Garini, mkanda wa kiti ukilia kwamba hajaufunga, ule mlio mwembamba wa kukera, yeye aliendesha tu hana habari, na mimi nikamfunga kama ninayemkumbatia. Na siku aliponiuliza wazi, "Wewe wazionaje spika hizi? Mbovu, au ni mimi?" nilimjibu: "Mbovu. Kweli zimekufa."

Nilimwonea huruma, hilo ni kweli. Lakini pia niliogopa uso wake. Nilijua ungeanguka, nami ndiye ningekaa nao mezani. Basi nikamwachia spika. Zikabeba lawama yote miaka miwili, hadi akaacha kwenda barazani kwa wenzake kwa madai kwamba siku hizi watu wanamung'unya maneno, akawa jioni anakaa garini uani peke yake, vioo vimepandishwa, gari limewaka na hakuna ajuaye, anasikiliza mkanda wake. Kisha akaagiza spika mpya na amplifaya, akanionyesha picha zake kwenye simu. Moyo wake ukasimama kabla hazijafika.

Kwa hiyo makatoni yale mawili ni mimi niliyeyaagiza, kwa ulimi wangu. Kuyarudisha ni kumfanya marehemu mtu aliyepumbazwa na mkewe. Nilitaka zifungwe, na fidla yake ilie ndani ya gari lake kama alivyotaka, ili angalau neno moja katika yale niliyomwambia liwe na faida.

"Una wazimu," dada alisema nilipomwambia namwita fundi. "Kaburi halijakauka mtanga na wewe wataka wanaume uani?"

"Fundi hapandi huku yuu. Ataka gari, hanitaki mimi."

"Na watu?"

"Watu wamekula pilau yangu siku tatu. Watasubiri."

Dada alikaa eda yake mwenyewe miaka mingi nyuma, katika chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta, na nadhani aliona mimi nina raha kupita kiasi. Hata hivyo akakubali, kwa masharti: nisishuke, nisichungulie, na usipigwe muziki. Fundi atazungumza nami kwa simu, nami nitakuwa nyuma ya luva za dirisha la chumbani. Chini ya dirisha hilo ndipo gari lilipoegeshwa, kivulini mwa mwarobaini, limejaa vinyesi vya kunguru.

Fundi alitoka Tudor. Sikumwona na hadi leo sijui sura yake. Ninaijua sauti yake tu, ya mtu wa makamo mwenye kikohozi, mwenye adabu. Alinipa pole, akamwombea marehemu, kisha akatoa sharti lake.

"Mama, zile waya za rangi ya machungwa mimi sizigusi. Hizo zina umeme wa kuua."

"Usiziguse. Maiti mmoja atosha nyumba hini."

Akakohoa. Nafikiri alikuwa akicheka.

Kazi ilichukua siku mbili. Nilisikia plastiki za milango zikibanduka, tak, tak, tak, na kila vishikizo vilipolia nilikaza meno. Alinieleza kila hatua, na nilishukuru, kwa kuwa watu wengine wote waliozungumza nami siku hizo walininong'oneza kama mgonjwa. Gari hili kimya, mama, akasema, kwa hiyo kila kinachotikisika kinasikika. Lazima mlango uvishwe mpira kwa ndani kwanza. Betri yake ndogo, ile ya taa na redio, nayo haitaki kuonewa, amplifaya itakaa chini ya kiti na fyuzi yake mbali. Nikawa naitikia kama ninayefahamu.

Siku ya pili alasiri tukaanza kupima sauti. Bila muziki tungepima kwa nini? Fundi akafungua redio, na saa ile redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Basi ndivyo ilivyokuwa: mtangazaji anasoma marehemu fulani atazikwa baada ya sala, mimi nimeegemea luva, simu mkononi, nasema besi ipunguze, inavuma kama debe, mlango wa kushoto umezidi, hapo, hapo, rudisha kidogo. Dada alikuwa nyuma yangu akivuta tasbihi kwa kasi isiyo ya kawaida. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilisahau kuhesabu siku.

"Mama," fundi akasema, "hapa kwenye skrini kuna mistari imepandishwa kupita kiasi, zile sauti nyembamba. Zachoma masikio. Nizirudishe katikati?"

Sikuwa naiona skrini. Laiti ningekuwa nimeketi pale kwenye kiti changu, nikaiona ile mistari iliyopanda kuelekea upande wa kulia kama ngazi, pengine ningefahamu ni nini. Lakini nilikuwa juu, nyuma ya mbao, na nilichosikia mimi ni ugomvi wetu wa miaka miwili, na mtu mwenye ujuzi akinipa haki.

"Rudisha zote," nikamjibu. "Zimeniudhi sana hizo."

Nilifurahi. Naungama kwamba nilifurahi.

Fundi akaenda zake. Zikabaki siku zaidi ya mia, nami nikawa mfungwa kwelikweli, kwa sababu sasa kilikuwepo kitu ninachokitaka na kiko hatua arubaini kutoka kitandani kwangu. Nilimwomba dada nishuke nikae garini robo saa tu, uani ni nyumbani. Akasema gari si nyumba, na fidla si dua. Nilimkasirikia siku nne. Kila wiki yeye ndiye aliyekwenda kulitia gari chaji, amevaa ndara za mpira, ameushika ule waya kwa mkono ulionyooka kana kwamba utamwuma. Nilimtazama kwa luva nikacheka peke yangu, kisha nikalia kwa sababu hayupo wa kumsimulia.

Wageni walipungua. Wanawake waliokuja walizungumza wao kwa wao, sauti za chini, nami nikawa naona midomo inacheza na sipati neno. Nikaanza kumfikiria yeye barazani kwa wenzake, kila mtu anacheka na yeye anacheka nyuma yao kidogo, akichelewa. Kumbe alikaa eda yake kabla yangu, peke yake, na haikuwa na idadi ya siku. Mimi nilikuwa na ufunguo wa neno moja tu, na wapo madaktari wa masikio mjini humu, vipo vifaa vya kutia sikioni. Sikumfungulia. Hilo lilinikalia kifuani usiku na mchana, na hakuna mgeni wa kuambiwa.

Siku ya kutoka edani waliniogesha, wakanifukiza udi, wakanitia hina, nyumba ikajaa asumini na wanawake wenye vigelegele vya chini chini. Walipokuwa wanakula nilijitanda leso nikashuka. Miguu ilikuwa mizito kwa ngazi. Jua la uani lilinipiga usoni kama nimetoka kisimani.

Niliingia garini upande wangu, wa abiria. Kiti chake sikukikalia. Nikaliwasha, nikaweka mkanda wake wa harusi.

Ilikuwa nzuri. Siwezi kusema vinginevyo. Fidla ilitoka tamu, laini, iliyojaa, imetulia mbele ya uso wangu, besi ya ala ya udi chini yake, kila kitu mahali pake. Haikuniuma popote. Nilisikiliza kipande kizima, na kadiri inavyoendelea ndivyo nilivyozidi kuhisi kuna kitu kimepungua, na sikuelewa ni kwa nini, hadi nilipofungua skrini nikaona mistari yote imelala katikati, mmoja baada ya mwingine, sawasawa.

Nikampigia fundi.

"Zile sauti za juu zilikuwa kwenye ngapi?"

"Zipi, mama?"

"Zile nilizokwambia uzirudishe."

"Sikuziandika, mama. Kila mmoja ulikuwa na kimo chake. Nilidhani watoto waliteza nazo."

Nikamshukuru nikakata. Vile vimo ndiyo masikio yake. Kila mstari aliupandisha mpaka pale alipoanza kusikia, huu sana, huu kidogo, ndiyo picha pekee ya masikio yake iliyobaki duniani, na nilikuwa nimeifuta kutoka dirishani kwa maneno mawili.

Nilianza kuipandisha mwenyewe. Mmoja. Wa pili. Namba sikuzikumbuka, sikuwahi kuzitazama. Nilikuwa ninazipinga tu. Fidla ikaanza kupata makali. Nikaongeza. Mwimbaji akaanza kunichoma kwa zile "s" zake. Nikaongeza tena, na ghafla mkono wangu wa kulia ukainuka wenyewe, kidole mbele, kwenda kupunguza.

Nikauzuia hewani. Hapo ndipo alipokuwa akizifikisha yeye. Mimi sikupakumbuka, mkono ulipakumbuka.

Dada alikuja akagonga kioo, nikaona midomo yake: punguza, wageni wasikia. Nikatikisa kichwa. Akasimama kidogo, akanitazama, akarudi ndani.

Niliteremsha leso kidevuni, nikageukia kiti cha dereva, uso mzima, kama nilivyozoea ili apate kuniona midomo.

"Hazikuwa mbovu," nikamwambia. "Ni masikio yako. Nilijua tangu zamani."

Fidla iliendelea kuniuma. Sikuipunguza.